Neno Lililoandikwa Kwenye Gunia

Naweni mikono kwanza. Kabla ya chai, kabla ya muhogo, kabla hata ya kushika hizo simu zenu, naweni kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Niliambiwa hivyo kila siku kwa miaka yote niliyofanya kazi ya kutia mbao dawa. Sasa nimestaafu, nakaa kwangu Awindiri, na wajukuu wakirudi kutoka shule nawaambia vilevile ingawa hawajagusa kitu ila kalamu. Wananicheka. Nyinyi nanyi chekeni, lakini naweni.

Naitwa Ayikoru, mzaliwa wa Logiri. Nyinyi mnaoanza kazi ya mbao mmeniomba niwasimulie mambo ya zamani yetu, na mimi sijui kusimulia kwa mpangilio. Nitaanza panaponijia.

Kazi yangu ilikuwa kungoja. Watu walidhani ni kubeba, kwa sababu walituona tumebeba, au kupika, kwa sababu birika letu la dawa lilitoa moshi asubuhi kama jiko la harusi. Lakini kubeba kulikuwa saa chache tu. Kilichobaki kilikuwa kungoja, na kungoja nako kuna ufundi wake.

Mbao iliyotoka msumenoni jana bado ina maji ndani. Mtu asiyejua atasema, tuikaushe kwanza, ikishapata kiu itakunywa dawa vizuri. Sivyo. Mbao kavu imeshafunga milango. Mbao mbichi bado iko wazi, na dawa yetu hutembea ndani ya yale maji yake. Unayeyusha unga mweupe kwenye maji ya moto, unatumbukiza mbao, unazitoa, kisha unazipanga zimebanana, ubao juu ya ubao, na kuzifunika kwa turubai. Halafu unaondoka. Wiki zinapita. Kule gizani, chini ya turubai, dawa inatoka kwenye ngozi ya ubao na kuelekea moyoni, polepole, hakuna anayeisukuma.

Nilipokuwa mgeni kazini niliweka vijiti kati ya mbao, kama nilivyoona kwa wauza mbao wengine wanaokausha. Nilijiona hodari. Mzee Rajabu akapita, akatazama. Akachomoa vijiti vyangu vyote, akavikusanya kwapani, akaenda kuvitia kwenye moto wa birika. Kisha akarudi akaniambia, "Wewe umefunga yeye midomo. Sasa yeye atakunywa namna gani?"

Siku nyingine alinikuta nikigongagonga ubao uliofunikwa, nijue umefika wapi.

"Hapana gonga," akasema. "Iko inakunywa. Mutu akikunywa maji, wewe unagonga yeye mgongo?"

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Mzee Rajabu alikuwa mtu wa Koboko, baba yake askari, naye amekulia kambini, akihamishwa huku na huku kila baba alipohamishwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kambi, kifupi, kila sentensi kama amri, lakini sauti yake ilikuwa laini kiasi kwamba amri zenyewe zilisikika kama bembelezi. Kazi aliijulia upande wa Kongo, kwenye kiwanda cha mbao ambacho nadhani sasa ni msitu tena. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja.

Asubuhi za mvua ndizo ninazozikumbuka zaidi. Mvuke wa birika unapanda na kukutana na ukungu, huwezi kujua huu umeishia wapi na ule umeanzia wapi. Harufu ya paini imejaa hewani. Mzee Rajabu anapita katikati ya mafungu ya mbao, amevaa kabuti la baba yake, anaweka kiganja juu ya kila turubai kama anayewapapasa ng'ombe zizini. Wakati mwingine naona hivyo hata nikiwa macho, nimekaa tu hapa nje nachambua mboga. Namwona anapita, na mimi nakaa kimya nisimsumbue.

Mtauliza, mlijuaje kwamba dawa imefika moyoni? Kwa manjano. Manjano yaleyale ya kupikia, ya sokoni Arua. Unayaloweka kwenye spiriti mpaka iwe kama kiini cha yai, unakata kipande cha ubao mwishoni, unapaka. Kipande chote kinakuwa njano. Kinakauka. Halafu unapaka maji ya pili, yenye asidi kidogo, ambayo Mzee aliyaficha juu ya kabati asiyafikie mtu. Kisha unangoja tena. Taratibu, pale dawa ilipofika, njano inageuka nyekundu, nyekundu ya barabara ya Koboko ilivyokuwa kabla ya lami, baada ya mvua. Pasipofika dawa panabaki njano. Mara ya kwanza kuona ile nyekundu ikichomoza katikati kabisa ya ubao mnene, machozi yalinilenga, na sikujua ni kwa nini. Mzee akanitazama akasema, "Sasa umeona. Rudi kazini."

Kuna vitu dawa yetu haikuweza. Mtu mmoja wa Aroi alinunua mbao kwetu tukamwambia ni za ndani ya nyumba, za dari, milango, vitanda. Akazifanya nguzo za ua wa mbuzi. Mvua mbili tatu, dawa yote ikarudi ardhini ilikotoka, mchwa wakala nguzo, mbuzi wakala mahindi ya jirani, na jirani akataka kumla yeye. Alipokuja kulalamika Mzee Rajabu alimjibu, "Hii dawa inaogopa mvua sawasawa na paka. Wewe umelaza paka nje."

Haya. Nimezunguka vya kutosha. Kuna jambo moja ninalotaka kuwaambia, na jambo lenyewe ni jina.

Sisi ile dawa tulikuwa tunaiita chumvi. Ilikuwa nyeupe, ilikuja kwenye magunia, na aliyemfundisha Mzee Rajabu kule Kongo aliiita chumvi. Kwa hiyo uwanja wetu mzima wa mbao ukaiita hivyo. "Leta chumvi." "Chumvi imekwisha." "Chumvi imekolea birikani?" Kwenye gunia paliandikwa neno la Kiingereza kwa herufi kubwa za buluu. Nililiona kila siku kama unavyoona uso wa mtu unayekutana naye njiani bila kumjua jina. Nilifika darasa la nne, herufi nazijua. Lile neno halikunihusu.

Wakati huo watu wengi walikuwa wakivuka kutoka Sudan Kusini. Mmoja wao alikuwa Poni. Kwao alikuwa mwalimu wa shule, na alipofika kwetu alikuwa mjamzito, mumewe amebaki nyuma kumtafuta mama yake mzazi. Aliomba kazi yoyote. Mzee Rajabu akamtazama tumbo, akamtazama miguu iliyovimba, akampa kipande cha chaki.

"Wewe kazi yako kuandika siku juu ya mbao," akamwambia. "Kubeba hapana. Hata ndoo hapana."

"Mzee, nina nguvu."

"Najua. Weka nguvu hiyo. Iko mutu ndani yako anaitaka."

Basi Poni akawa anatembea na chaki yake kati ya mafungu, anaandika tarehe, anaimba kidogo kwa lugha ya kwao. Mchana tulikula pamoja. Chakula alitupikia Mama Susi, aliyekuwa na jiko lake nje ya lango, chini ya mabati mawili. Maharagwe yake yalikuwa na sifa mpaka kituo cha magari.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Mzee Rajabu na wenzake wawili walikuwa wamefunga. Jua lilikuwa kali, na Mzee alikuwa amejilaza kidogo kwenye kivuli cha magunia, kofia usoni. Mama Susi akaishiwa chumvi na sufuria iko motoni. Akapaza sauti kutoka nje:

"Chumvi iko?"

Mzee akajibu bila kuondoa kofia. Alidhani ni mmoja wetu anayeuliza kwa ajili ya birika. "Iko. Kwa gunia. Chukua."

Mama Susi akaingia, akachukua.

Baadaye alitueleza, huku akijipiga mapaja, kwamba alishangaa. Alitia kijiko, akaonja, haikolei. Akatia kingine, bado haikolei. Na maharagwe yakaiva upesi, laini kama yaliyotiwa magadi. Akafurahi kwamba leo kuni zimepona.

Tulikula. Mimi nilikula kidogo, kwa sababu ladha haikunipendeza. Drileba, kijana wa Aroi mwenye nguvu kuliko wote, alikula sahani mbili. Poni alikula sana, maana alikuwa na njaa ya watu wawili.

Jua lilikuwa bado juu tulipoanza kutapika. Mimi nilitapika mara moja nikapata nafuu. Drileba alishika nguzo akawa anatetemeka. Poni alikaa chini, akashika tumbo kwa mikono yote miwili, akaniambia polepole sana, "Mama Ayikoru, si tumbo la chakula linaloniuma." Nikaelewa. Nikasimamisha bodaboda, nikampakia katikati yangu na dereva, tukaenda hospitali.

Tulipokuwa tunatoka langoni nilimsikia Drileba akisema, kwa sauti ya mtu anayeumwa lakini ya kusikika na wote, "Angalieni. Wale wamefunga ndio wazima. Nani alitoa chumvi?"

Mzee Rajabu alikuwa amesimama katikati ya uwanja. Kofia ilikuwa mkononi. Uso wake siwezi kuueleza.

Hospitalini muuguzi aliuliza tumekula nini. Mama Susi, aliyetufuata mbiombio, akasema maharagwe. Yametiwa nini? Chumvi. Chumvi gani? Chumvi ya uwanjani. Muuguzi akanigeukia mimi. Nikasema ni dawa ya mbao. Akasema, dawa za mbao ziko za namna nyingi, nyingine zinaua siku hiyohiyo, nyingine hapana. Daktari hawezi kutibu jina la "dawa ya mbao". Inaitwaje?

Nikapiga simu uwanjani. Ikaita, ikaita. Kila mtu alikuwa ametawanyika.

Poni alikuwa amelala ubavu, macho yamefumba. Akayafumbua. "Kwenye gunia pameandikwa nini?"

"Neno la Kiingereza."

"Liandike."

"Silijui."

"Hulijui, lakini umeliona. Andika ulichokiona."

Nikakaa kitandani kwake, nikafumba macho, nikaliona gunia. Herufi za buluu zilikuja, lakini zilikuja kama watoto wanaotoka darasani, kila mmoja na mbio zake. Nikaandika kwa kidole juu ya shuka huku nikizitaja kwa sauti: B, O, A, T, E, R.

Poni akacheka kidogo, maumivu yakamkata. "*Boater*. Huyo ni mtu anayepanda mashua kujifurahisha. Gunia halina mashua, Mama. Herufi zote zipo hapo?"

"Zote. Ni sita. Nina hakika na herufi. Sina hakika na foleni yao."

"Ya kwanza ni B?"

"Ya kwanza ni B. Na mwisho kuna ile yenye vidole vitatu."

"E," akasema. Niliona midomo yake ikizipanga na kuzipangua. Nje mtu alikuwa akisukuma kitanda chenye gurudumu linalolia. Kisha akasema, "Andika B, O, R."

Nikaandika.

"A, T, E."

Mara nikaliona gunia zima, limesimama mbele yangu, na neno limekaa mahali pake. "Ndilo!" nikasema kwa nguvu mpaka mgonjwa wa jirani akashtuka. "Ndilo hilo, Poni!"

"*Borate*," akamwambia muuguzi. "Ni chumvi inayotokana na boroni. Mwambie daktari ni borate."

Muuguzi akaondoka karibu anakimbia. Daktari alipokuja alikuwa ameshajua la kufanya. Wakamtundikia Poni maji, wakamlaza. Drileba na wenzake walipofika walipewa maji na kuangaliwa, wakaruhusiwa. Mkunga akaja na kile kipembe chao cha kusikilizia, akakiweka tumboni kwa Poni, akasikiliza upande huu, akahamisha, akasikiliza upande ule. Mkunga akahamisha tena. Halafu akatabasamu, macho bado yako ukutani.

"Iko inapiga," akasema. "Inapiga vizuri."

Poni alirudi baada ya siku chache, amekonda, lakini tumbo liko palepale. Mzee Rajabu hakuwepo. Alikuwa ameondoka siku ileile kwenda kwao Koboko, bila kuaga, na kabuti ameliacha msumarini. Uwanjani maneno yalikuwa yamekua. Watu ambao miaka yote walikula na Mzee, wakazikana na Mzee, walikuwa sasa wanasema kwa kunong'ona, na wale wawili waliokuwa wamefunga walikuwa wanakaa peke yao karibu na birika, hawazungumzi.

Poni alisimama mbele ya watu wote. Hakupaza sauti, alikuwa mwalimu, alijua kwamba ukishusha sauti watu husogea.

"Aliyekula ni mimi," akasema. "Tumbo lililoumia ni langu. Kama iko mutu wa kumshtaki Mzee ni mimi, na mimi simshtaki. Aliulizwa chumvi, akasema chumvi iko. Nyinyi mngesema nini? Nyinyi nyote mnaiita chumvi."

Drileba akatazama miguu yake.

Mimi na Poni tukapanda lori la mbao lililokuwa linakwenda Koboko, tukakaa mbele na dereva. Njia nzima Poni alitazama nje, vilima vikipita, mashamba ya tumbaku, watoto wakipunga mikono, na mimi niliona kama tunaelea tu, kama barabara ndiyo inayokwenda na sisi tumekaa.

Nyumbani kwa Mzee Rajabu alitupokea mkewe, Mama Hawa, mwanamke mrefu wa maneno machache. Alimtazama Poni tumboni, akamkumbatia, akakaa naye hivyo kwa muda.

"Mzee iko ndani," akasema. "Anafunga, lakini hafungui. Jua likizama anakunywa maji, basi."

Tulimkuta amekaa mkekani, ametazama ukuta. Alipomwona Poni aligeuka, akamtazama tumbo.

"Mtoto?" akauliza.

"Mzima, Mzee."

Akafunika uso kwa mikono. Tukangoja. Niliwaambia, kazi yetu ilikuwa kungoja.

"Mimi naita sumu chumvi," akasema mwishowe. "Miaka yote. Mimi nafundisha watu namna hiyo. Sasa mimi mutu gani?"

Poni akakaa chini pale mkekani, kwa taabu, na tumbo lake. "Mzee, nikuambie kitu. Hukukosea. Hata wasomi wanaiita chumvi."

Mzee akamtazama. "Wewe unanidanganya ili mimi nakula."

"Sikudanganyi. Kwenye elimu, chumvi si moja. Kuna chumvi ya jikoni. Kuna chumvi ya haragwe, magadi. Kuna chumvi za shambani, za mbolea. Hii yako nayo ni chumvi, ya boroni. Watu wanatengenezea vioo, wanafulia nguo. Hata mimea inaitaka kidogo sana ili isife ncha. Ni chumvi, Mzee. Tatizo ni kwamba ulijua jina la ukoo, hukujua jina lake mwenyewe. Ukiita 'mtoto wa Rajabu!' hapa uani, watatoka wangapi?"

Mama Hawa, mlangoni, akasema, "Wanane."

Mzee Rajabu akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kilichochanganyika na kilio, lakini kilikuwa kicheko.

"Jina yake mwenyewe nini?"

"Borate."

Akalirudia. Kwenye kinywa chake lilitoka "borati", na tangu siku hiyo ndivyo tulivyoliita.

Jua likazama, adhana ikasikika. Mama Hawa akaleta sinia, na juu yake, sijui kama alifikiri au hakufikiri, kulikuwa na maharagwe. Mzee alikuwa na tende mkononi, hakuiweka kinywani, anamtazama Poni. Poni akanawa, akamega, akachovya kwenye maharagwe yale, akala. Akatafuna mpaka akamaliza. Akamega tena.

"Mama Hawa," akasema, "yamekolea."

Ndipo Mzee Rajabu akala.

Alirudi kazini wiki iliyofuata. Drileba alimngoja langoni tangu asubuhi, kijana mzima, mikono haijui pa kukaa. Akasema, "Muzee, mimi nilikushuku." Mzee akamshika bega. "Hata mimi nilijishuku," akasema. "Twende, maji iko moto."

Poni akachukua chaki, akaandika kwenye ukuta wa ghala herufi sita, kila moja kubwa kama ndoo. Akasema hakuna atakayegusa gunia kabla ya kuijua sura ya neno hili, awe amesoma au hajasoma. Wasiojua kusoma wakanung'unika. Basi akalifanya mchezo. Wakati wa kungoja, na sisi wakati huo tulikuwa nao tele, alituambia tutafute maneno mengine yaliyojificha kwa herufi zilezile. Aliyapata moja moja, akitueleza maana. *Boat*, mashua. *Bear*, mnyama ambaye hayupo kwetu, na pia kubeba, tukasema hilo ni letu. *Tear*, chozi, na pia kuchana. *Rot*, kuoza. *Bore*, kutoboa, ndiyo kazi ya vile vidudu tunavyovizuia, vinavyoacha unga chini ya boriti kama unga wa muhogo. Tukashangaa kwamba adui naye yumo. *Robe*, kanzu, hilo Mzee Rajabu alilipenda sana akalifanya lake. Siku moja Drileba, ambaye alikuwa anajifunza kwa bidii kuliko wote, akapata peke yake *eat*, kula. Akalitaja kwa furaha, kisha akanyamaza.

Mzee Rajabu akasimama, akautazama ukuta kwa muda mrefu.

"Vizuri wewe umeona hiyo," akamwambia. "Sasa wewe utafundisha wengine, waione na wao."

Drileba akafundisha. Amefundisha mpaka leo, ndiye msimamizi wa uwanja sasa. Poni alijifungua msichana, mumewe akafika akiwa na mama yake mzazi, wakahamia karibu na makazi ya wakimbizi, naye akarudi darasani. Uwanjani mambo yamebadilika. Kuna mtambo wa kusukuma dawa ndani ya ubao kwa nguvu, kazi ya mwezi inakwisha kabla ya chakula cha mchana. Ni vizuri. Mimi siwadanganyi kwamba zamani kulikuwa bora. Ila dari na vitanda bado kuna wanaovitia borati kwa njia yetu, na Drileba amebakiza birika moja na turubai.

Mzee Rajabu alistaafu kabla yangu. Alirudi Koboko, akazeeka taratibu. Nilikuwa namtembelea. Mara ya mwisho alikuwa anasinzia na kuamka, akisema ameona mbao zimepangwa mpaka mbinguni, hakuna turubai, na mvua hainyeshi.

Mwaka huu, asubuhi moja, Drileba alinipigia simu. "Mama, Muzee ametuacha. Wanazika leo, kabla ya alasiri. Mtoto wake ameomba mbao za kaburi."

Nikaenda uwanjani. Nyinyi mnajua Waislamu wanavyozika: wanachimba mwanandani pembeni ya kaburi, wanamlaza mtu humo, kisha wanaegesha mbao kabla ya kurudisha udongo. Nilipofika, Drileba na vijana walikuwa wameshapakia garini mbao bora kuliko zote za uwanja, nene, zimekunywa mpaka moyoni. Alikuwa amezikata ncha na kuzipaka manjano, na ncha zote zilikuwa nyekundu.

"Hizi haziliwi," akaniambia. Macho yake yalikuwa mekundu pia. "Miaka hamsini, haziliwi." Alikuwa amesahau nguzo za yule mtu wa Aroi, nami sikumkumbusha.

Nikampigia Mama Hawa, nikampa pole, nikamwuliza kama tulete hizo.

Nilisikia watu nyuma yake wakisoma. Kisha akasema, "Hapana, mwanangu. Leta ile bado haikunywa kitu. Yeye alisema mwenyewe. Alisema, mimi nimenyima mchwa chakula maisha yote, kule nisiwanyime. Alisema nyumba ile si ya kulindwa."

Nikamwambia Drileba. Alisimama mkono juu ya mbao zake. Halafu akaanza kuzishusha, moja moja, bila kusaidiwa, akizirudisha mahali pake. Akaenda kwenye rundo la paini iliyoletwa jana kutoka Logiri, mbichi, bado inatoa utomvu, akachagua. Akaziweka juu ya meza, akachukua randa.

Gari lilikuwa linanguruma. Njia ya Koboko ni ndefu. Nikamwendea, nikamwambia kwa upole, "Drileba, zinaingia ardhini."

"Najua, Mama," akasema, na akaendelea kupiga randa.